Metali nzito hazizami kwenye beseni

Mwezi huu nimeletewa mara tatu ujumbe uleule wa sauti: mboga za sokoni zina metali nzito, ziloweke dakika kumi kwenye maji ya chumvi na siki, "zitashuka zenyewe". Nilidhani ni wa kupuuzwa, mpaka juzi pale soko la Kongowea, Mombasa, mama anayeniuzia mchicha aliponiuliza, "Mwanangu, si zaitwa nzito? Mbona basi zisizame?" Swali lake lina akili. Kilichompoteza ni jina lenyewe.

Maana kwa ufupi: tukizungumzia chakula, metali nzito ni risasi, kadimiamu, zebaki, na aseniki ambayo wanakemia huiita nusu metali. Mwili hauna kazi nazo. Zikiingia kidogo kidogo kwa miaka hudhuru ubongo, figo, mifupa na damu, na mtoto mdogo hunyonya risasi aliyokula mara nne au tano zaidi ya mtu mzima. Maana ndiyo hiyo. Kazi iko kwenye maneno.

Tuanze na "nzito". Uzito unaokusudiwa ni wa kitu kwa ukubwa wake: kijiko cha risasi kina uzito wa vijiko kumi na kimoja vya maji. Mpaka unaotajwa mara nyingi ni gramu 5 kwa kila sentimita ya ujazo. Lakini kwa mpaka huo chuma, chenye 7.9, ni kizito kuliko aseniki yenye 5.7, na zinki na shaba zimo pia. Bila chuma, zinki na shaba hatuishi! Mwaka 2002 mkemia John Duffus aliandika katika jarida la muungano wa kimataifa wa wanakemia akihoji kama jina hili lina maana yoyote, maana kila mtaalamu alikuwa na fasili yake. Mimi namuunga mkono. Jina linaeleza kipande ulichokishika mkononi, na kwenye jani la mchicha hakuna kipande. Kilichomo kiliyeyuka kwenye maji ya udongo, kikanyonywa na mzizi, kikawa ndani ya jani. Chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi, nani huingoja izame aiteke kwa upawa? Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo. Hizo ni kama punje chache za chumvi laini katika kilo nzima ya mboga.

Wengine hulikimbia neno "metali" wakasema "madini mazito", na hapo huharibu zaidi. Mjamzito akienda kliniki huambiwa ale mboga apate madini ya chuma. Kwetu "madini" limekuwa jina la neema, kwa hiyo ukimwambia mtu mboga yake ina madini mazito atashukuru. Na ni neno zuri, naona uchungu likitumiwa vibaya. Limetoka kwenye Kiarabu, shina lenye maana ya kukaa mahali na kudumu, lile lile la Jannatu Adn, bustani za kudumu. Ma'din ni pale kitu kilipokaa ardhini, yaani machimbo. "Metali" nalo limepitia Ulaya kutoka kwenye metallon ya Kigiriki, ambayo pia ilikuwa machimbo. Maneno mawili yametoka shimo moja.

Kukaa. Laiti tungeishika sifa hiyo badala ya uzito. Vijidudu hufa kwenye moto. Dawa nyingi za kupulizia wadudu huvunjika kwa jua na kwa siku. Risasi haivunjiki kuwa kitu kingine. Ichemshe, ikaange, ikaushe, ni risasi tu. Kadimiamu ikishafika kwenye figo, nusu yake huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Risasi hukaa mifupani, na mwanamke akishika mimba hutoka tena ikaingia kwenye damu ikamfikia mtoto.

Nalo neno "risasi" lina mkasa wake. Kwa Kiarabu ni metali kwanza. Ile ya bunduki iliitwa hivyo kwa sababu ilifinyangwa kwa metali hiyo. Sisi tumebaki na ya bunduki, ndiyo maana "mchicha una risasi" huchekesha watu. Mtaani Owino Uhuru, kule Mikindani, hawacheki. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari kando ya nyumba zao hadi kilipofungwa mwaka 2014, na risasi ikakutwa kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza wakaazi kupigania haki yao, alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi hapa Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kuosha kuna faida, lakini si ile ya ujumbe wa sauti. Risasi iliyonyonywa na mmea kwa kawaida hukwama sana mizizini. Ya kwenye jani mara nyingi ni vumbi na udongo ulioganda, na huo hutoka kwa maji mengi yanayomiminika, bila siki. Kadimiamu hupanda mpaka kwenye jani, na hiyo haioshwi na chochote. Wala dawa si kuacha mboga, kwani mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu ndio unaonyonya risasi zaidi.

Nilimwambia mama vile. Nikamwomba, mteja akimuuliza, asiseme zimezama. Aseme vumbi limetoka. Na akienda kuchukua mzigo alfajiri amuulize anayemletea: shamba liko wapi, na maji ya kumwagilia huteka mtoni, kisimani, au kwenye mtaro unaopita karibu na jaa na gereji? Alinyamaza kidogo akifunga fungu langu la mchicha. "Hilo la maji," akasema, "sijamuuliza hata siku moja."