Simulizi kinzani: maana yake katika vyuo vikuu vya kifahari

Simulizi kinzani ni habari inayotolewa na watu ambao kwa kawaida habari zao husemwa na wengine, au hazisemwi kabisa. Kila chuo kikongwe kina simulizi yake kuu: waasisi wake, sifa zake, picha za ukutani. Simulizi kinzani huwarudisha walioachwa nje, na ukishaisikia, huwezi kuisoma ile ya kwanza kama ulivyokuwa ukiisoma.

Dhana hii ilikuzwa na wanasheria wa Marekani. Derrick Bell, ambaye mwaka 1971 alikuwa Mweusi wa kwanza kupata uprofesa wa kudumu katika shule ya sheria ya Harvard, alijenga hoja zake kwa visa, si kwa vifungu vya sheria peke yake.

Mwaka 2014 wanafunzi Weusi wa Harvard walipigwa picha wakiwa na vibao vyenye maneno waliyozoea kuambiwa. Kibao kimoja kilinukuu kauli kwamba Mweusi ana bahati, chuo anaingia kirahisi. Kampeni yao, Mimi Pia ni Harvard, ilifika hadi Oxford. Wapo walioyaita hayo malalamiko. Mimi nayaita ushahidi: aliyeambiwa maneno hayo ndiye anayejua yalivyomchoma, na hakuna kitabu cha takwimu za udahili kitakachokueleza hilo.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Georgetown, chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoko Washington, Marekani. Mwaka 1838 mapadre Wajesuiti waliokiendesha chuo hicho waliwauza watumwa 272, watu wazima na watoto, wakapelekwa mashamba ya Louisiana. Sehemu ya fedha ililipa madeni ya chuo. Kwa miaka mingi jengo la wanafunzi lilibeba jina la Thomas Mulledy, padre aliyepanga mauzo hayo. Wanafunzi waliandamana mwaka 2015, jina likaondolewa, na vizazi vya waliouzwa vikaanza kusimulia koo zao wenyewe. Mwaka 2019 wanafunzi walipiga kura kukubali kutozwa dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya vizazi hivyo, kiasi kilichochaguliwa kukumbuka ile 272.

Jengo lile sasa linaitwa Isaac Hawkins, mtu wa kwanza kuorodheshwa katika hati ya mauzo. Mwanafunzi anayemwelekeza mgeni chumbani kwake leo hana budi kumtaja Isaac.