Kujishikiza: ukosefu wa makazi usioonekana

Kijana anayelala leo kwa rafiki, keshokutwa kwa binamu, wiki ijayo kwa mtu aliyemfahamu juzi tu, hana makazi. Wengi hatumhesabu hivyo, kwa sababu kila usiku yuko chini ya paa. Hali hiyo ndiyo inayoitwa ukosefu wa makazi uliojificha. Mwenyewe ukimuuliza atakujibu tu, "Najishikiza mahali," na jibu hilo linaeleza mengi kuliko istilahi: anayejishikiza hajakaa, ananing'inia.

Asichanganywe na mgeni. Mgeni ana kwake pa kurudi. Huyu hana, na akiambiwa aondoke usiku huuhuu hana la kusema. Hana ufunguo wala mahali pa kuacha nguo zake, basi huzibeba. Hujifunza kula kidogo, kurudi wenyeji wakishalala, kuamka kabla yao, asije akawachosha.

Wachache sana huchagua maisha hayo. Wengine walipigwa nyumbani au walifukuzwa, wengine walifiwa na wazazi, na wengine walitimiza umri wa kutoka kwenye kituo cha kulelea watoto bila pa kwenda.

Nani ahesabiwe si suala la maneno matupu, kwani asiyehesabiwa hatengewi fungu. Marekani ni mfano mzuri. Hesabu yao ya usiku mmoja wa Januari huangalia waliolala nje na waliolala kwenye makao ya muda, basi anayejishikiza haingii. Lakini kwa upande wa elimu, sheria iitwayo McKinney-Vento, yenye asili ya mwaka 1987, inamtambua mwanafunzi anayeishi kwa watu baada ya familia kupoteza nyumba. Shule inatakiwa imwandikishe mara moja, hata kama hana hati zake. Utafiti wa Chapin Hall wa Chuo Kikuu cha Chicago, uliotolewa mwaka 2017 na kuwajumuisha wanaojishikiza, ulikuta kwamba kijana 1 kati ya 10 wenye umri wa miaka 18 hadi 25 alikuwa amekosa makazi kwa namna fulani ndani ya miezi 12.

Kinachoniumiza zaidi ni deni. Kitanda cha kuazima hudaiwa, hata kama hakuna aliyetaja bei. Kijana hufanyishwa kazi zote za nyumba bila malipo, na wapo wanaodaiwa miili yao. Kwa hiyo kusema "si ana pa kulala" ni kufunga mlango mapema mno.

Msaada huanza na swali. Badala ya "Unakaa wapi?", ambalo atalijibu kwa kutaja mtaa na mazungumzo yakaishia hapo, muulize, "Hapo unaweza kukaa mpaka lini?" Mwalimu anayeona mwanafunzi akisinzia kila asubuhi na kubeba begi zito kuliko vitabu vyake ana sababu ya kuuliza, faraghani. Kama nyumbani hakuna hatari, mtu mzima anayeaminiwa na pande zote anaweza kusuluhisha. Kama kuna hatari, kumrudisha ni kumdhuru. Mwenyeji naye asisahaulike: mfuko wa unga na mtu wa kushauriana naye vinaweza kumwezesha kusema "kaa mpaka umalize mitihani", na kijana akapata miezi kadhaa ya kutafuta chumba chenye ufunguo wake.