Mmea hauzai kwa sababu umeteswa

Wiki hii nimetumiwa picha nyingine tena. Mche wa bangi, kama mwezi mmoja hivi, shina limezungushiwa nailoni, ncha imevutwa mpaka imegusa udongo, uko pale kama mbuzi wa Idi, na chini mwenyewe kaandika kwa fahari kabisa "nimeanza LST kaka, nautesa kidogo ili uzae."

LST ni kifupi cha Kiingereza, low stress training, yaani kuinamisha shina na kulifunga kwa upole. Nautesa. Jamani.

Hii imani nimeshachoka nayo. Ati mmea ukiumia unashtuka, unadhani unakufa, basi kwa kukata tamaa unatoa maua mengi. Watu wanaiamini kiasi kwamba wanafunga kwa nguvu makusudi, na mche ukinyongea wanafurahi, wanasema imeingia hiyo. Haijaingia chochote, mmea wako unaumwa tu.

Kabla sijaendelea, naongea na walioko inakoruhusiwa. Hapa Ontario, Kanada, tangu Oktoba 2018 nyumba moja ni miche minne, na ni nyumba, siyo kichwa, kwa hiyo mkiishi watu wazima watatu bado ni minne, umri kuanzia miaka 19. Kama umepanga soma mkataba wako maana mwenye nyumba anaweza kukukatalia. Quebec hawataki kabisa upande nyumbani. Ujerumani tangu Aprili 2024 mtu mzima ana miche mitatu. Kenya na Tanzania ni kesi, na kesi mbaya, kwa hiyo msinitafute kuniuliza mambo ya shamba la mjomba.

Mimi mkate wangu ni nyanya. Niko Leamington, kwenye greenhouse, kutwa nafunga kamba na kushusha mashina, na baada ya sheria kubadilika greenhouse kadhaa za huku zikageuzwa za bangi, ndo nikaanza kuulizwa hizi habari. Kuinamisha shina siyo siri ya bangi. Wenye matofaa wanavuta matawi yalale tangu enzi za mababu, wenye zabibu hivyo hivyo.

Sasa kinachotokea ni hiki. Bangi ukiiacha yenyewe inakwenda juu na ncha moja kubwa, yale machipukizi ya kwenye kwapa la kila jani yanabaki madogo yanasubiri. Ncha ya juu ndiyo inayoyazuia. Ukilaza shina, ncha inashuka usawa mmoja na machipukizi ya pembeni au chini yake, lile zuio linalegea, na yale machipukizi yaliyokuwa kivulini ghafla yana mwanga. Badala ya kichwa kimoja kinene na vijitawi vya aibu huko chini unapata matawi sita, nane, yote yamelingana kimo chini ya taa. Mchezo wote uko hapo, homoni na mwanga, mateso hayamo.

Na kama hunisadiki kaa nao siku moja. Laza mche saa mbili asubuhi, ukirudi jioni ncha imeshapinda kutazama juu, na majani yamejizungusha kwenye vikonyo vyake yakaweka uso kwenye taa. Hauonyeshi dalili yoyote ya kushtuka. Mmea una chembe za wanga ndani ya seli zinazozama upande wa chini, ndizo zinazouambia juu ni wapi, upande wa chini wa shina ukakua haraka kuliko wa juu, ncha ikanyanyuka. Mmea ulioumia haufanyi hivyo, ulioumia majani yanalegea na ukuaji unasimama siku kadhaa. Hizo siku ndizo unazipoteza wewe unayetesa.

Tena kuna utafiti wa zamani tu, Jaffe mwaka 1973, alikuwa akisugua mashina ya mimea kwa vidole, basi. Mimea iliyosuguliwa ikawa mifupi kuliko iliyoachwa. Mmea unahisi kuguswa, sikatai, lakini jibu lake ni kupunguza urefu na kujikaza, siyo kukuzawadia maua.

Haya, niwe mkweli, hiyo hadithi ya "ncha inazuia" niliyowapa ni safi kupita kiasi. Darasani tulifundishwa kinachozuia ni auksini, homoni inayotengenezwa kwenye ncha na kushuka chini, nukta. Thimann na Skoog mwaka 1933 walikata ncha ya maharage ya bakla, wakapaka auksini kwenye kidonda, machipukizi ya pembeni yakatulia, kila mtu akaandika kwenye daftari. Halafu 2008 ikaja strigolaktoni, homoni nyingine inayozuia matawi. Halafu 2014 watafiti wa kundi la Beveridge kule Queensland, Australia, wakaonyesha kwenye njegere kwamba ukikata ncha, machipukizi yanaanza kukua kabla hata kiwango cha auksini hakijapungua pale yalipo, na kinachoyaamsha kwanza ni sukari, ile iliyokuwa ikinyonywa yote na ncha sasa inayafikia. Kwa hiyo nikikwambia "auksini" jua nimefupisha. Na huko kote walikuwa wanakata, sisi tunalaza, ncha bado ipo hai na bado inanyonya. Mimi naona kwenye kulaza mwanga na sukari vinafanya kazi kubwa kuliko tunavyoipa sifa auksini, ila hayo ni maoni ya mfunga kamba.

Kuna atakayeniletea Guelph. Najua. Mwaka 2019 Caplan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, hapa hapa Ontario, waliunyima mmea maji kwa mpango wakati wa maua, na kweli THCA, ile ambayo ikipashwa moto inakuwa THC inayolevya, ikapanda. Sawa. Lakini ile ni kiu iliyopimwa, wakati maalum, kwenye aina moja ya bangi, mmea ukaangaliwa unanyongea kiasi gani halafu ukanyweshwa. Unatokaje hapo mpaka kwenye nailoni? Upande wa pili wa mateso hamuutaji: bangi jike ikisumbuliwa vya kutosha, hasa mwanga ukivuja wakati wake wa giza au joto likizidi, inaweza kutoa vichavushio vya kiume katikati ya maua, vile vya njano kama vidole vidogo, ikajichavusha na kukuchavushia na jirani zake. Utavuna mbegu. Hongera.

Kinachohusiana na THC kwenye kulaza ni kivuli, siyo maumivu. Maua ya chini yasiyoona taa huwa dhaifu kuliko ya juu. Danziger na Bernstein wa Israeli walichapisha mwaka 2021 kwamba ukibadilisha umbo la mmea unaweza kupunguza hiyo tofauti ya juu na chini. Kwa hiyo kama mtu anasema bangi iliyolazwa "ni kali zaidi", nadhani alichopata ni vichwa vichache vibovu, vile vizuri ni vile vile.

Kufunga kwenyewe hakuna ufundi mkubwa ila watu wanakosea pale pale. Subiri mche uwe na vifundo vinne mpaka sita, yaani pale majani yanapotokea, shina bado la kijani na linapinda. Kamba ya kwanza haifungwi kwenye ncha! Inafungwa chini kabisa ya shina, ivutwe upande wa pili wa unakotaka kulaza, maana usipoishika hapo unang'oa mizizi na utafikiri umelaza. Halafu ndo ya pili, juu zaidi, inayoinamisha. Siku ya kwanza nyuzi 45 zinatosha, baada ya siku mbili tatu unaongeza. Laza kabla ya kumwagilia, siyo baada, shina lililojaa maji linakatika kirahisi. Toboa ukingo wa ndoo ufunge hapo, usifunge kwenye mguu wa meza, siku ukisogeza ndoo utalia.

Kamba ni chochote laini na kipana: waya wa bustani wenye plastiki laini, vipande vya tisheti kuukuu, soksi ndefu za kina mama. Nailoni nyembamba na uzi wa kushonea hapana, zinakata ngozi ya shina, na sukari inayoshuka kwenye mizizi inapita hapo hapo chini ya ngozi. Kitanzi kiwe wazi, kidole kipite. Shina linanenepa haraka kuliko unavyodhani, kitanzi kilichokuwa na nafasi Jumatatu, wiki ijayo kimezama ndani ya nyama na kutoka hakitoki mpaka uchimbe.

Likikatika nusu usilitupe, rudisha lilivyokuwa, zungushia tepu, weka kijiti. Linaunga na kuota nundu.

Jambo linaloniudhi zaidi ya yote lakini, kuliko hata hayo mateso, ni watu wanaofunga mara moja halafu wanaondoka. Ncha si nimesema inanyanyuka? Ukiiacha wiki imeshakuwa mfalme tena, yale ya pembeni yamerudi kivulini, na wewe unasema LST ni uongo. Hii ni kazi ya kila baada ya siku chache, unahamisha kamba, unaongeza nyingine kwa chipukizi lililokimbia, unafungua iliyobana. Unaangalia mwavuli wa majani kwa pembeni, jicho usawa wa majani, unatafuta nani kajitokeza. Na unaendelea hivyo mpaka wiki mbili tatu ndani ya maua, wakati ule wa kurefuka unapoisha. Baada ya hapo shina limekuwa mti, liache. Kamba zinazobaki ni za kubeba uzito tu.

Zile zinazotoa maua kwa umri bila kujali saa za giza, otofulawa, unalaza mapema na kwa upole. Muda wake ni mfupi, siku za kunyongea huna za kutoa sadaka. Kukata ncha kwenye hizo mimi siungi mkono.

Ndani ya hema la kupandia lenye taa sina wasiwasi kwamba inalipa, taa iko karibu tu juu na mwanga unapungua haraka ukishuka, japo ile hesabu ya umbali mara umbali mnayoipenda, kwamba umbali ukiwa mara mbili mwanga unabaki robo, ni ya balbu moja uchi, siyo bapa la LED kwenye hema lenye kuta za kung'aa. Nje juani nina mashaka kidogo. Jua halina habari na sentimita ishirini za kimo, linazunguka na kupiga ubavu mzima. Na miche minne, kila mmoja mbegu yake, huwezi kulinganisha uliolazwa na usiolazwa ukasema umethibitisha kitu, mbegu zenyewe zinatofautiana kuliko kamba zako. Nje mimi nalaza kwa sababu mbili: mmea usipite uzio, na ukungu. Kichwa kimoja kinene kama mkono kikikutana na umande wa Septemba huku kusini mwa Ontario ukungu wa kijivu unaanzia ndani, huuoni. Dalili ya kwanza ni jani moja dogo katikati ya ua, jana lilikuwa zima leo limekauka, ukilivuta linatoka bila ubishi. Pasua hapo. Ukikuta kijivu kata mpaka chini ya ulipofika, weka kwenye mfuko ufunge, osha mkasi, na usiitupe kwenye mboji yako.