Kwa nini presha ya mtoto njiti hushuka ilhali hajapoteza damu?

Mtoto kazaliwa wiki ya 27, gramu 900. Hakutoka damu, moyo unadunda vizuri, lakini mashine inasoma 34 kwa 16. Katiwa mililita 9 za maji ya chumvi mshipani, na presha haikupanda.

Jibu mara nyingi limekaa juu ya figo. Pale pana tezi mbili za adrenali, zimezivika figo kama kofia, na moja ya kazi zake ni kutoa kotisoli, homoni ya mwili ulio taabuni. Kotisoli ndiyo inayoufanya mshipa wa damu uisikie amri ya adrenalini: kaza! Ikipungua, adrenalini yaweza kuwapo tele na mshipa ukabaki umelegea.

Cha ajabu, tezi hizo si ndogo. Kwa mtoto mchanga hufikia kama theluthi ya figo. Ila tumboni sehemu yake kubwa hutengeneza malighafi ambayo kondo la nyuma huigeuza kuwa estrojeni. Kotisoli huanza kupanda kwa nguvu wiki za mwisho za mimba. Njiti katoka kiwanda hakijabadili kazi. Kotisoli ya mama nayo haimfai sana, maana kondo huizima nyingi njiani.

Deksamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoli, haizimwi hivyo, ndiyo maana mama mwenye uchungu wa mapema huchomwa hiyo: miligramu 6 kila saa 12, mara nne. Hukomaza mapafu kwanza, na presha ya mtoto nayo huwa imara zaidi. Lakini yataka kama siku nzima kufanya kazi sawasawa, kwa hiyo aliyeshikwa na uchungu wiki ya 30 kule Micheweni au Makunduchi asingoje kupambazuke.

Wodini kuna hesabu ya mkato: presha ya wastani isiwe chini ya idadi ya wiki za mimba. Toa 16 kwenye 34, zabaki 18. Theluthi yake 6. Jumlisha na 16, unapata 22. Kwa wiki 27 hiyo ni ndogo. Hata hivyo namba peke yake si ugonjwa. Mkanda wa kupimia presha ukiwa mpana kupita kiasi husoma chini, mwembamba husoma juu. Upana wake uwe karibu nusu ya mzunguko wa mkono. Kisha mtazame mtoto mwenyewe. Bonyeza kifua kwa kidole sekunde 5, uachie: rangi ikichelewa kupita sekunde 3, kuna jambo. Nepi nayo ipimwe kwenye mizani, kavu kisha mbichi. Gramu 1 iliyoongezeka ni kama mililita 1 ya mkojo. Kwa njiti huyu, saa 6 zitoe angalau kijiko kimoja cha chai.

Kosa la kawaida ni kumwongezea maji tu. Mapafu hujaa, na presha ikiruka ghafla mishipa laini ya ubongo hupasuka. Dopamini, dawa ya kupandisha presha, ikishindwa, daktari hugeukia haidrokotizoni, yaani kotisoli ya dawa, kwa dozi ndogo, na baada ya saa chache mshipa huanza kuitika. Sukari ya damu ifuatwe, kwani hupanda. Na mtoto aliye kwenye indometasini, dawa ya kufunga mshipa ulio karibu na moyo ambao haujajifunga baada ya kuzaliwa, asipewe haidrokotizoni pamoja nayo: utumbo waweza kutoboka.