Kulipia kabro hakukupi barabara

Kwenye kikao cha wakazi wanaotaka kufunga barabara ya mtaa wao kwa geti, wiki hii nimeambiwa tena: "Hii barabara ni yetu, sisi ndio tuliolipia kabro." Mimi ni mpangaji miji hapa Nairobi, na kauli hiyo imenichosha. Kabro, yale matofali ya saruji ya kutandaza barabarani, mmelipia, kweli. Barabara si yenu.

Shamba likigawanywa ploti, njia zinazoachwa katikati huwa za aina mbili. Kuna zinazokabidhiwa umma mgawanyo unapoidhinishwa. Hizo ni za umma hata mkizizungushia ukuta, na Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti barabara za kaunti pamoja na upangaji wa ardhi. Halafu kuna njia za ndani ya mradi mmoja, ambazo wenye nyumba wanazimiliki pamoja. Hapo geti ni lenu, ingawa kibali cha ujenzi bado mnakihitaji. Ukizitazama kwa macho zote ni sawa: nguzo mbili za geti, soja (mlinzi), daftari la kuandikisha wapita njia. Tofauti iko kwenye ramani ya upimaji, na wengi humwita fundi wa kuchomelea kabla ya kuitafuta.

Kusajili chama cha wakazi hakubadilishi umiliki. Barua ya chifu pia haibadilishi, wala kuitikiwa na mwakilishi wadi.

Linaloniudhi zaidi ni lile daftari. Mama anakata njia kwenda stejini, anadaiwa kitambulisho na namba ya simu kwenye barabara ya umma. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa uhuru wa kwenda atakako. Sheria ya walinzi binafsi ya 2016 inamruhusu soja kuuliza kitambulisho kwenye eneo analolilinda, na wakazi hudhani hilo linaifanya barabara kuwa eneo lao. Johannesburg wameliandikia kanuni: kibali cha geti kina muda, ukiisha mnaomba upya, na mpita njia halazimishwi kujiandikisha.

Nina shaka zangu. Sheria inanionyesha anayetoa kibali, lakini hainipi kipimo cha hofu ya watu waliovunjiwa nyumba mtaa usio na taa. Na kaunti ikibomoa geti moja ikaliacha la jirani, siwezi kuitetea.

Mkija kuomba kibali, leteni ramani ya upimaji na mchoro unaoonyesha gari la zimamoto likipita wazi. Mlango wa watembea kwa miguu usiwe na kufuli, mchana wala usiku.