Meli Haizami kwa Sababu ya Umri: Mambo Ninayoulizwa Moshi Kuhusu Meli za Kitalii

Nina karakana ya jenereta Majengo, mjini Moshi, lakini nusu ya wanaonifuata hawana jenereta. Wanakuja na karatasi: mkataba wa kijana wao anayekwenda kufanya kazi melini. Wanajua nilikaa chumba cha injini cha meli za kitalii kwa miaka kadhaa, basi mimi ndiye wa kuwasomea. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mwanawe. Mkataba ulikuwa safi, mshahara wa kueleweka, kazi ya jikoni. Mama akauliza jambo moja tu: "Hiyo meli imetengenezwa lini?" Tukatazama. Mwaka 2000. Akakunja karatasi akaitia kwenye mkoba. "Hapana, kaka yangu. Mwanangu simpeleki kwenye jeneza."

Nimechoka. Hili la jeneza nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika, ili anayefuata alisome kabla hajalipa bodaboda kuja kwangu.

"Meli ikipita miaka ishirini ni ya kuzama"

Ukiuliza kwa nini, utatajiwa MV Bukoba. Haya, tuitazame hiyo hiyo. Ilipozama Mei 1996 haikuwa na hata miaka 20. Ilijaza watu kupita kiasi, na hata uthabiti wake majini ulikuwa na walakini tangu zamani. Ukitaka ya kitalii, ipo Costa Concordia. Ilianza kazi 2006, na Januari 13, 2012 ikapasuliwa ubavu na mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, watu 32 wakafa. Ilikuwa na miaka sita tu, zulia bado jipya. Nahodha aliisogeza mno ufukweni.

Sasa geukia Kigoma. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikaletwa vipandevipande kwa meli, kisha kwa reli. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 wasiwaachie adui, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927, na imebeba abiria wa Ziwa Tanganyika hadi karne hii. (Kiwanda kilichoijenga, Meyer Werft, bado kipo Papenburg, na siku hizi kinajulikana zaidi kwa meli za kitalii. Nikiwaambia vijana hili wanadhani natia chumvi.)

Kinachowapotosha watu ni kuipimia meli kwa basi la Arusha. Basi likichoka bodi, limechoka. Ganda la meli ni mabamba yaliyochomelewa, na bamba lililoliwa linakatwa, linachomelewa jingine. Meli ya abiria haiwezi kubeba watu bila cheti cha usalama, na cheti hicho hudumu miezi 12 tu. Kila miaka mitano upo ukaguzi mkubwa, na ndani ya miaka hiyo mitano tumbo la meli hukaguliwa likiwa nje ya maji angalau mara mbili. Ikipandishwa kwenye chelezo, yaani gati kavu ya matengenezo, mkaguzi anakwangua rangi sehemu ndogo kama kiganja, anapaka kitu cha kuteleza kama jeli, anagusisha kifaa cha mawimbi ya sauti, na unene wa chuma unasomeka kwa milimita. Anauandika palepale kwa chaki. Kadiri meli inavyozeeka ndivyo anavyotakiwa kupima sehemu nyingi zaidi. Kazi yangu ya kwanza chelezoni ilikuwa kubadilisha vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye ganda ili vitafunwe na bahari badala ya chuma. Nilitoa kimoja kimeliwa kikabaki kama mfupa wa supu. Bamba lililokuwa nyuma yake lilikuwa zima kabisa.

Ndiyo maana meli iliyotunzwa inaweza kwenda mbali sana. Stockholm, ile iliyogongana na meli ya abiria Andrea Doria Julai 1956 na kuipeleka chini, ilianza kazi mwaka 1948. Yenyewe ilirudi New York na omo (pua yake) lililosagika, ikawekewa jingine. Baadaye ikavuliwa hadi mbavu na kujengwa upya Italia, ikatoka 1994 kama meli ya kitalii. Ilipoacha kubeba watalii mwaka 2020 ilikuwa inaitwa Astoria. Miaka 72.

Basi kwa nini nyingi hustaafu zikikaribia miaka 30? Kwa hesabu, si kwa kutu. Mtalii wa leo anataka chumba chenye roshani, na meli za zamani zilijengwa na madirisha tu. Injini kuukuu zinakula mafuta. Kanuni nazo hubadilika: Oktoba 2010 ilikuwa mwisho wa kuruhusu meli za abiria zilizojengwa kwa vifaa vinavyoshika moto, na meli kadhaa nzuri zenye kuta za mbao zikaishia hapo, si kwa kuvuja, bali kwa sababu kuzibadilisha kungegharimu kuliko thamani yake. Ulipofika ugonjwa wa Uviko, 2020, safari zikasimama na wenye meli wakashika kalamu. Carnival Inspiration ya 1996 ikapelekwa Aliağa, Uturuki, kukatwakatwa, ikiwa na miaka 24. Carnival Elation ya 1998 ni ya ukoo huohuo, zote zilitoka Helsinki, na yenyewe iliendelea na kazi. Ilikuwa imeongezewa roshani mwaka 2017. Roshani, mama! Si kutu.

Sisemi kila meli kuukuu ni salama. Iliyotelekezwa ni hatari hata ikiwa na miaka minane. Ninachosema, usiulize mwaka, uliza imepanda chelezoni lini na inakaguliwa na nani. Ukitajiwa shirika kama Lloyd's Register, DNV au RINA, endelea na mazungumzo. Wakibabaika, ondoka.

"Hii ni mpya, imezinduliwa mwaka huu"

Huyu ni ndugu wa pili wa yule wa jeneza. Kijana ananionyesha picha kwenye simu: meli nyeupe pe, jina jipya, maputo. Jina la meli ni kama maandishi ya kioo cha nyuma cha daladala, mwenye mali akibadilika nayo hubadilika. Ile Stockholm ilipita majina kama kumi na moja. Kisichobadilika ni namba ya IMO (shirika la kimataifa la mambo ya meli), tarakimu saba, ambayo ni kama namba ya chesisi. Imekuwa lazima tangu 1996, na haifuati jina, mmiliki wala bendera. Sheria inataka iwekwe kwenye ganda isifutike, na nyingine ndani kwenye ukuta wa chumba cha mitambo. Iandike, itafute, utajua ilizaliwa lini. Hata bila namba, simama gatini asubuhi jua likiwa la pembeni, utaona jina la zamani limetuna chini ya rangi, kwa sababu herufi zilichomelewa na hakuna aliyejisumbua kuzisaga zote.

"Ina uzito wa tani laki mbili na nusu"

Hapana. Tani 248,663 za Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ni kipimo cha nafasi ya ndani, si cha mzani. Hata magazeti yanakosea.

"Imeandikwa Nassau, kwa hiyo ni ya Bahama"

Imesajiliwa huko, basi. Inaweza kuwa imejengwa Finland, mwenyewe yuko Miami, mpishi katoka Kibosho.

"Meli haiwezi kurefushwa"

Aliyenibishia hili ni fundi gari, tena mzuri. Enchantment of the Seas ilikatwa katikati huko Rotterdam mwaka 2005, kikapachikwa kipande cha mita 22, ikaunganishwa, nyaya na mabomba yote, ikarudi baharini. Na kabla yake, Song of Norway ilifanyiwa hivyo 1978.

"Lazima umlipe wakala ndipo upate nafasi"

Hili halihusu chuma lakini linaniuma zaidi, maana nimeona watu wameuza ng'ombe. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Utalipia pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha daktari. Viza ni juu ya mwenye meli. Mafunzo ya msingi ya usalama yapo Chuo cha Bahari, Dar es Salaam. Akitokea mtu hotelini Arusha anataka milioni mbili za "kushikia nafasi", mwombe kwanza namba ya IMO ya meli. Mmoja nilimwomba kwa simu nikiwa nimekaa na kijana aliyetumwa kwake. Akanijibu namba hiyo atapewa abiria siku ya kupanda.

Yule mama amerudi juzi. Hakuja na mkataba, alikuja na swali: roshani ni zile za nje kabisa, au za ndani?