Daftari la Samaki Kwenye Wingu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Vijana wa Malindi wanaoandika programu za konsoli, zile zisizo na vitufe wala picha, ni amri na majibu tu, siku hizi wanataka zisome na kuandika faili za wingu, yaani zilizowekwa kwenye seva, kompyuta za makampuni zilizo mbali. Tuchukue daftari la samaki: karani wa Mayungu na mwenzake wa Ngomeni wanapima changu na tafi asubuhi, na kila mmoja anaingiza kilo kwenye faili moja ya pamoja. Msimbo wake ni mfupi. Kinachowaponza watu ni dhana wanazoanza nazo.

"Wingu liko juu, mvua ikinyesha faili hazifunguki."
Hapa kwetu dhana hii ina sababu. Ngomeni kuna kituo cha anga cha Waitaliano, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini la huko tarehe 12 Desemba 1970. Lakini faili ya karani, ikishatoka kwenye mnara wa simu, kwa kawaida hufuata nyaya za ardhini na za chini ya bahari mpaka kwenye seva za watu. Amazon walifungua vituo vyao vya seva Cape Town mwaka 2020, Google Johannesburg mwaka 2024. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Kenya ilizorota. Mvua inaweza kukuzimia umeme au mnara. Faili yenyewe iko pakavu.

"Folda ni folda."
Kwenye Amazon S3 ya kawaida, ghala la faili la wingu la Amazon, hakuna folda. `mayungu/juni/daftari.csv` ni jina moja refu lenye mikwaju ndani yake, basi. Ndiyo maana kubadilisha jina la "folda" huwa ni kunakili kila faili kwa jina jipya na kufuta ya zamani. Google Drive nayo ina mambo yake: faili inatambulika kwa kitambulisho chake, na faili mbili za jina moja zinaweza kukaa folda moja bila ugomvi. Programu inayounda `daftari.csv` kila siku bila kutafuta kwanza kitambulisho itakujazia madaftari.

"Kuongeza mstari ni kufungua faili na kuandika mwishoni."
Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haitoi kosa lolote. Kwenye diski ya kompyuta yako ni kweli. Kwenye S3 ya kawaida faili haihaririwi, hubadilishwa nzima: programu inapakua yote, inaongeza mstari, inapakia yote upya.

Sasa Mayungu anasoma daftari lenye mistari 40. Ngomeni naye anasoma hiyo hiyo 40. Mayungu anaandika wa 41, seva inamjibu 200, mambo sawa. Ngomeni anaandika wa 41 wake, naye anajibiwa 200. Tafi wa Mayungu wameyeyuka, na hakuna aliyeona onyo.

Dawa ni ETag, alama ambayo seva hubadilisha kila maudhui ya faili yanapobadilika. Programu inasema: andika iwapo tu alama bado ni ile niliyoisoma. Ikiwa si ile, seva hukataa kwa 412, na programu inasoma upya na kujaribu tena. Azure, wingu la Microsoft, wanalo jambo hili zamani. S3 walilipata kwa uandishi wa juu ya faili iliyopo mwaka 2024. Azure pia wana aina ya faili ya kuongezea mwishoni tu, yenye kikomo cha nyongeza 50,000. Mimi ningempa kila karani faili yake ya siku, kisha programu ijumlishe jioni. Ugomvi hauanzi kabisa.

"Bila dirisha, lazima nenosiri liwe ndani ya msimbo."
Hapana, tena ni hatari: msimbo ukiwekwa hadharani kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kuna roboti zinazowinda funguo za namna hiyo. Tangu 2019 kuna kanuni ya RFC 8628: programu inachapisha anwani na neno fupi, karani anafungua anwani kwa simu yake, anaidhinisha, programu inapewa tokeni, yaani kibali cha muda cha kuingilia. Kwa Google, tokeni ya kazi huishi takriban saa moja, nyingine ya kuihuisha huishi zaidi. Ila mradi wako ukiwa umesajiliwa Google kwa watumiaji wa nje na bado uko kwenye hali ya majaribio, hiyo ya pili hufa baada ya siku 7, na karani anaamini programu imeharibika.

"Mtandao ukikatika, anza upya."
Bando lako halina kosa. Drive hupokea faili vipande vipande vya mafungu ya KB 256 na kuendelea ilipoishia. S3 hutaka kila kipande kiwe angalau MB 5, isipokuwa cha mwisho.

"Kusawazisha ni kuweka akiba."
Kwenye rclone, programu ya amri ya kuhamisha faili kati ya kompyuta na wingu, `rclone sync` hufanya upande wa pili ufanane na wa kwanza, kwa hiyo faili uliyoifuta kwenye laptopu itafutwa na huko. `rclone copy` haifuti. Jaribu kwanza kwa `--dry-run`, inayoonyesha kitakachofanyika bila kukifanya. Na kwenye S3 utunzaji wa matoleo ya zamani haujiwashi wenyewe; uuwashe siku ya kwanza, maana hauwezi kurudisha kilichofutwa kabla haujawashwa.